Visukuku vya opali: kabla hujatoa pesa yako, pita hapa kwanza

Chekecheke (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Juzi kuna mwanajukwaa kaniandikia inbox, ananiuliza kama kile alichonunua ni "kisukuku cha opali" kweli. Nimeona nisimjibu peke yake, maana swali hili nimeshaulizwa mara nne mwaka huu, na mara zote nne mtu alikuwa ameshalipa.

Mimi nipo Sydney, mwaka wa tisa sasa. Naendesha lori. Nikipata likizo wenzangu wanaenda ufukweni, mimi naelekea mji mmoja mdogo uko ndani huko, unaitwa Lightning Ridge, zaidi ya kilomita 700. Joto la kiangazi linavuka nyuzi 40 bila kuomba radhi, inzi ni wengi kuliko watu. Nakwenda kuinama kwenye vifusi vya migodi kutafuta visukuku, yaani meno, magamba na mifupa ya viumbe wa kale, iliyogeuka opali, lile jiwe la vito. Mke wangu alishaacha kuuliza.

Tuanze na kitu chenyewe. Miaka kama milioni 100 iliyopita eneo lile lilikuwa na mito, mabwawa na misitu ya misonobari, kando ya bahari kubwa ya kina kifupi iliyokuwa imeingia hadi katikati ya Australia. Kobe, mamba, kambaremamba, dinosaria, kome wa mtoni, wote walikufa wakafunikwa na tope. Baadaye sana maji yenye silika, madini yale yale ya mchanga na kioo, yakawa yanapenya taratibu kwenye mchanga na udongo wa mfinyanzi. Hapo yanatokea mambo mawili. Mara nyingine mfupa au gamba liliyeyuka likaacha tundu, silika ikaingia ikaganda humo. Ni kama barafu ya ukwaju ya kwenye kikombe: umbo la kikombe unalo, kikombe chenyewe hakipo. Mara nyingine silika ilipenya ndani ya mfupa wenyewe na kuchukua nafasi yake kidogo kidogo, kiasi kwamba hata vijitundu vya ndani vya mfupa vimebaki vilevile. Na kama opali yake ni angavu, unapiga tochi unaona ndani ya mfupa wa mnyama ambaye hakuna binadamu aliyewahi kumwona.

Sasa hapa ndipo watu wanapoliwa. Ukisikia "kisukuku cha opali" unawaza rangi zote za upinde wa mvua. Ukweli ni kwamba vingi ni vya kijivu, au rangi ya asali, au vyeusi butu. Ni opali, ila haichezi rangi. Wachimbaji wa kule wanaiita *potch*, na kwa kweli pochi yako hainoni kwa hiyo. Chenye umbo kamili NA rangi inayocheza NA kinachojulikana kimetoka shimo gani, hicho unaweza kuchimba maisha yako yote usikione.

Nitaendelea. Maswali ruksa.

Karanga_Mbili

Nimeshakaa siti ya mbele. Endelea mkuu.

MzeeTochi

Kijana, marahaba. Mimi niko Arusha, biashara ya vito mwaka wa 31. Tanzanaiti, spineli ya Mahenge, rubi ya Longido, hata opali ya kijani ya Haneti nimeishika. Nikuulize swali la kibiashara tu. Jiwe lina bei kwa karati. Rangi, usafi, uzito, basi tunaelewana. Huo mfupa unapimwa kwa nini? Nikikuletea mfupa wa kijivu hapa mjini, dalali gani atanisalimia?

Chekecheke

Mzee wangu, umegusa penyewe, na ndiyo sababu visukuku hivi ni adimu kuliko ardhi ilivyotaka viwe.

Mchimbaji wa Lightning Ridge ni mwanaapolo tu kama wa Mererani. Ana kitalu chake cha mita 50 kwa 50, ana deni la dizeli, anasubiri zali. Akipata jino lenye rangi nyekundu inayowaka, kwake ni opali kwanza. Analipeleka kwenye jiwe la kukatia, linatoka pete. Kuna mzee mmoja alinionyesha pete ya mkewe, nzuri ajabu, akaniambia bila aibu, "hii ilikuwa uti wa mgongo wa kitu fulani." Kitu gani? Hakuna atakayejua tena.

Na hapo bado mashine. Udongo unaoshwa kwenye madramu makubwa yanayozunguka, yale ya magari ya zege. Mfupa wa nusu mita ukiingia humo unatoka vipande kama karanga za kukaanga. Vingi tulivyonavyo vimeokotwa kwenye mabaki baada ya kuoshwa.

Kwa hiyo jibu langu: kisukuku kinapimwa kwa vitu vitatu, na rangi ni cha tatu. Kwanza, kinatambulika ni nini? Pili, kimetoka wapi? Tatu ndiyo uzuri.

Nikupe mfano. Mwaka 1985 wanasayansi walitangaza kipande cha taya chenye meno matatu kutoka Lightning Ridge. Kidogo, ungekimeza na ugali usijue. Kilikuwa cha mnyama wa jamii ya platipasi, wale mamalia wanaotaga mayai, na kilikuwa mamalia wa kwanza wa zama za dinosaria kujulikana Australia. Wakamwita *Steropodon galmani*, jina la pili ni la ndugu wawili wachimbaji, akina Galman, waliokipata. Wangeweza kukikata. Kingetoa kijiwe cha hereni, labda.

MzeeTochi

Sikatai. Ila hao ndugu walilipwa? Maana jina kwenye kitabu halinunui dizeli.

Chekecheke

Mkusanyiko wao ulinunuliwa na jumba la makumbusho la Sydney. Na siku hizi kuna mpango wa serikali: ukitoa kitu kama hicho kwa makumbusho, kinathaminiwa na thamani yake inapunguza kodi yako. Si sawa na kuuza, lakini mtu mwenye mapato anaweza kukaa chini akapiga hesabu. Kabla ya hapo hesabu ilikuwa moja tu.

Shela_wa_Mtoni

Aliyeandika inbox ni mimi, naomba nisichekwe. Mimi niko Zanzibar. Nimenunua mtandaoni "amonaiti ya opali", lile gamba la mviringo kama konokono aliyejikunja. Likigeuzwa linatoa nyekundu na kijani. Cheti kimeandikwa "opalized". Nimelipa dola 140. Niambie ukweli kaka, nimejiandaa.

Chekecheke

Dada Shela, pole kwanza. Limetoka wapi? Kama cheti kimeandika Madagaska, basi karibu hakika si opali.

Amonaiti za Madagaska ni visukuku halali kabisa, vya zamani kuliko vya kwangu huku, na ni vizuri. Lakini rangi ile ni lulu ya gamba lenyewe, ile ile unayoiona ndani ya chaza. Madini yake ni aragonaiti, jamii ya chokaa. Hakuna silika iliyochukua nafasi ya kitu. Gamba limehifadhiwa tu, likasuguliwa likang'aa. Wauzaji wanaliita opali kwa sababu neno hilo linaongeza sifuri mwishoni mwa bei. Ndugu yake wa Kanada, kutoka Alberta, anayeitwa amolaiti, naye ni aragonaiti, ila yule ana soko lake la vito na wenyewe hawamfichi jina.

Ukitaka uhakika: upande wa nyuma, mahali pasipoonekana, kwaruza unga kidogo sana kwa ncha ya kisu. Weka tone la siki juu ya ule unga, angalia kwa kioo cha kukuzia. Ukitoa mapovu ni chokaa. Opali haina habari na siki. Usilichovye lote, nakuomba.

Mwalimu_wa_Miamba

Mleta uzi, hongera, ila niongeze la rangi maana umelipita kwa mbio na wanafunzi wangu huwa wanalikosa. Opali ni silika na maji. Maji hayo yapo ndani kabisa, mara nyingi kama asilimia 3 hadi 10 ya uzito. Silika yenyewe imejipanga kama vitufe vidogo mno, nanomita 150 hadi 300. Vitufe vikilingana ukubwa na kupangana safu kwa safu kama machungwa ya mama wa sokoni, mwanga unaopita unagawanyika rangi. Vikubwa vinatoa hadi nyekundu, vidogo vinaishia buluu. Ndiyo maana nyekundu ni ghali. Vikirundikana ovyo, hakuna mchezo wowote, na hapo ndipo potch yako inapotokea. Jambo hili lilikuja kuthibitishwa Australia kwa hadubini ya elektroni, mwaka 1964. Kabla ya hapo watu walikuwa wanabuni tu.

Lulu ya amonaiti inatoa rangi kwa njia nyingine: tabaka nyembamba zilizolaliana kama kurasa. Jicho linadanganywa, madini hayadanganyi.

Karanga_Mbili

Mwalimu wewe ungenifundisha kidato cha tatu nisingekuwa bodaboda leo.

Shela_wa_Mtoni

Nimeweka siki. Mapovu.

Mama yupo pembeni kauliza kwani unapika achari ya mawe.

Chekecheke

Pole sana dada. Mwandikie muuzaji, mwambie neno "opalized" si kweli, mpe matokeo. Wengine hurudisha pesa kimya kimya ili usiandike maoni. Na asiporudisha, bado una amonaiti nzuri ya miaka zaidi ya milioni 100. Tatizo ni bei na jina tu.

Ngoja niendelee na aina, maana najua wapo wanaojiuliza mtu aanzie wapi kukusanya.

Mimi ningeanza na "vifungo". Kamba wa mtoni wa Australia, wenyewe wanawaita yabi, akikaribia kujivua gamba anatunza chokaa tumboni kwenye vijiduara viwili kama vifungo vya shati. Vijiduara hivyo vimepatikana Lightning Ridge vikiwa opali. Ni vidogo, watu wanavipita wakitafuta dinosaria, na bado ni sehemu ya mnyama unayeweza kumtaja kwa jina. Cha kwangu cha kwanza nililipa dola 60 kwa mchimbaji aliyekuwa amekitia kwenye chupa ya dawa. Kijivu tupu. Kila nikikitazama nafikiria kamba yule alikuwa anajiandaa kubadili nguo.

Halafu kuna kome, konokono, koni za misonobari, vipande vya gome la kobe, meno ya mamba. Mfupa wa dinosaria unaotambulika ni habari nyingine, na hapo kuna sheria, nitafika.

Coober Pedy na Andamooka, kusini mwa Australia, ni tofauti. Kule palikuwa bahari. Unapata magamba ya baharini, na belemnaiti, jamaa wa ngisi aliyekuwa na mfupa ndani kama risasi. Ile opali maarufu inayoitwa Virgin Rainbow, iliyopatikana Coober Pedy mwaka 2003, ni belemnaiti. Yaani jiwe linalosemwa kuwa miongoni mwa opali nzuri kuliko zote ni mgongo wa ngisi. Coober Pedy kwenyewe opali ilianza kuokotwa na mtoto wa miaka 14 mwaka 1915, baba yake akiwa anatafuta dhahabu. Hadi leo watu wengi wanaishi chini ya ardhi kukimbia joto. Nimelala huko siku mbili, giza la chumbani sijawahi kuliona Tandika hata umeme ukikatika wiki.

Njugu_Mawe254

Kaka, huku Nairobi swali ni moja: hiyo kitu inaweza toka Australia kihalali? Nimeona seller mmoja anasema "dinosaur tooth, ships worldwide". Bei ni ya kutupwa.

Chekecheke

Ndugu yangu wa 254, bei ya kutupwa ndiyo ikukimbize.

Australia ina sheria ya mwaka 1986 ya kulinda urithi unaohamishika. Kisukuku chenye umuhimu hakitoki bila kibali. Wao hawazuii mtu kumiliki, wanazuia kitu kuondoka. Kwa hiyo mwambie muuzaji akuonyeshe kibali, na akuambie jino limetoka eneo gani la uchimbaji. Wa kweli atajibu mpaka uchoke. Mwongo atakutumia emoji.

Bandia nazo zipo za kila aina. Plastiki ya resini iliyomiminwa kwenye umbo la jino: ni nyepesi mkononi na mara nyingi ina mstari wa kalibu. Opali ya maabara iliyochongwa umbo la gamba: rangi zake zimejipanga mno, kama magamba ya kenge, ukizitazama kwa upande zinasimama kama nguzo. Na kipande cha opali halisi kilichobandikwa juu ya kisukuku cha kawaida. Ukiona gundi, uliza maswali.

MzeeTochi

Hapo kwenye bandia nami nichangie. Opali ya Habeshi, yaani Ethiopia, ile ya Wollo iliyoanza kumwagika sokoni baada ya 2008, wanaipika kwa moshi au sukari na asidi inakuwa nyeusi, kisha unaambiwa ni ya Australia. Dawa yake ni ulimi. Gusa ulimi: ile ya Wollo nyingi zinang'ang'ania, maana zinanyonya maji. Ukiitia kwenye glasi inageuka kama kioo, rangi zinapotea, ikikauka zinarudi. Ya Lightning Ridge haifanyi hivyo.

Chekecheke

Asante mzee. Hilo la ulimi nimelifanya mbele ya muuzaji mmoja kwenye maonyesho, akakunja meza mapema.

Sasa utunzaji, nikiri na kosa langu. Kipande changu cha pili kilikuwa pingili ya mkia, ndogo, kijivu yenye kijani kidogo ubavuni. Niliiacha juu ya dashibodi ya lori, jua la Januari, saa tatu. Nilipoona ina moto nikaiweka chini ya bomba la maji baridi. Nikasikia *tii*. Mistari kama utando wa buibui kila mahali. Maji yako ndani ya jiwe, umeshasikia mwalimu. Kwa hiyo: hakuna jua la dirishani, hakuna kubadilisha joto ghafla, hakuna mafuta, hakuna zile mashine za kuoshea pete kwa mtetemo. Maji ya vuguvugu, brashi laini ya mtoto, basi. Na andika kikaratasi: umepata kwa nani, shimo gani, tarehe gani. Kikaratasi kikipotea, nusu ya kisukuku imepotea nacho.

Binamu_wa_Lindi

Naulizia la nyumbani. Sisi tuna Tendaguru, dinosaria walichimbwa 1909 mpaka 1913, babu zetu wakabeba mifupa kichwani hadi bandarini Lindi, sasa kipo Berlin kiunzi cha zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mbona ya kwetu haikugeuka opali?

Mwalimu_wa_Miamba

Kwa sababu kuzikwa tu hakutoshi. Inatakiwa silika nyingi iyeyuke kutoka kwenye miamba ya jirani, ipate njia ya kupita, ikutane na kizuizi cha udongo mzito, na itulie muda mrefu bila joto kali wala kusukwasukwa. Tendaguru mifupa iligeuka jiwe kwa madini mengine. Na ushukuru: ingekuwa opali, sehemu yake kubwa ingekuwa vidoleni mwa watu.

Chekecheke

Mwalimu kasema nilichotaka kusema.

Nimalizie na visa viwili, nakwenda kazini usiku. Miaka ya themanini mchimbaji anaitwa Bob Foster alikuwa anakerwa na mifupa inayomzibia opali kwenye mgodi wake. Akajaza masanduku mawili, akapanda treni hadi Sydney kuuliza ni nini. Mwaka 2015 watoto wake waliikabidhi mifupa ile kwa Australian Opal Centre, makumbusho ya pale pale Lightning Ridge. Mwaka 2019 ikatangazwa: dinosaria mpya, *Fostoria*, na si mmoja, wanne kwa uchache, wakubwa na wadogo pamoja. Mifupa kama 60 yote opali.

Kisa cha pili ni cha dalali, Mzee Tochi, kwa hiyo hiki ni chako. Mike Poben, mnunuzi wa opali, alinunua mfuko wa mabaki, yale ya bei ya chini. Anachambua nyumbani anakuta kipande chenye vitu vimejipanga. Meno. Angeweza kukisugua kiwe kito, maana kilikuwa na kijani na buluu. Akakitoa kwa hiyo hiyo Centre. Mwaka 2018 kikaitwa *Weewarrasaurus pobeni*, dinosaria wa ukubwa wa mbwa.

MzeeTochi

Kijana, nimesoma uzi wako mara mbili. Nina jambo.

Miaka kumi iliyopita nilichukua fungu la Wollo kwa Muhabeshi mmoja pale Namanga. Kulikuwa na jiwe moja, urefu wa kidole, mbele rangi tupu, nyuma lina mistari ya kahawia. Fundi wangu akasema mzee hii nyuma ni uchafu, nitoe? Nikamwambia toa. Tukapata mawe mawili safi, nikauza wiki hiyo hiyo. Mistari ile ilikuwa kama ya ubao wa mninga uliopigwa randa.

Mwalimu_wa_Miamba

Mzee, Wollo wanapata opali yenye mimea ndani yake. Inawezekana ulikuwa mti.

Chekecheke

Mzee wangu, mlitoa yote?

MzeeTochi

Kilibaki kitako. Fundi alisema hakina rangi ya kutosha. Nilikitia kwenye kopo la Blue Band na takataka nyingine. Kopo lipo stoo, nadhani.

Karanga_Mbili

Hapa hatulali wakuu.

Shela_wa_Mtoni

Mzee usikioshe na maji ya moto!

MzeeTochi

Nimekipata. Nimewasha tochi ya kazini. Mistari ipo, na upande mmoja kuna kifundo, kama pale tawi lilipoota. Nimegusa ulimi, kimeng'ang'ania.

Mama watoto kaamka kaniuliza natafuta nini stoo saa nane usiku. Nimemwambia mti.